Mapitio ya Huduma za Programu Ndani ya Magari ya Kisasa: Kinachouzwa na Kinachobaki kwa Muuzaji

Anayenunua gari jipya siku hizi huondoka na bidhaa mbili kwa wakati mmoja: gari lenyewe, pamoja na programu zinazoamua gari hilo litafanya nini, litamtii nani na kwa muda gani. Mapitio mengi ya magari hueleza kwa kina habari za injini, ulaji wa mafuta, nafasi ya mizigo na starehe ya viti, kisha hugusia skrini katika aya moja na kusonga mbele. Hapa ninaangalia hiyo bidhaa ya pili peke yake, yaani programu ya simu inayounganishwa na gari, masasisho yanayotumwa kwa mtandao, vipengele vinavyofunguliwa kwa malipo, na masharti ambayo mmiliki huyakubali kwa kubonyeza kitufe kabla hata hajawasha injini. Nimeitumia huduma ya aina hii katika gari la familia, na jina la kampuni nitaliacha, kwa kuwa ninayoyaeleza yameenea katika tasnia nzima.

Nianze na yale yanayostahili sifa, maana yapo. Programu ya simu inafanya kazi yake vizuri: mtu anaweza kuhakikisha kwamba milango imefungwa akiwa mbali, akaangalia kiasi cha mafuta au chaji, akawasha kipoza hewa kabla ya kuingia, na akaliona gari lilipo endapo limeibiwa. Masasisho ya mbali nayo yana faida kubwa kwa usalama. Mwaka 2018 shirika la Marekani la Consumer Reports lililijaribu gari la Tesla Model 3 na likakuta kwamba lilihitaji takriban mita 46 kusimama kutoka kasi ya karibu kilomita 97 kwa saa, umbali mrefu kuliko wa magari ya kundi lake. Baada ya siku chache kampuni ilituma programu mpya ya breki kupitia mtandao, na gari lilipopimwa tena umbali ulikuwa umepungua kwa takriban mita sita. Hakuna gari lililorudishwa gereji wala bolti iliyoguswa, na hiyo ni huduma ambayo miaka ishirini iliyopita ingeonekana kama ndoto.

Lakini uwezo huohuo unafanya kazi pande zote mbili, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kufikiri. Mwaka 2019 baadhi ya wamiliki wa Tesla Model S waliona kwamba, baada ya sasisho, betri zao hazikuwa zikijaa kama zamani. Kampuni ilikuwa imepunguza kiwango cha juu cha umeme wa betri kwa programu, na kesi iliyofuata ilimalizika mwaka 2021 kwa makubaliano ya dola milioni 1.5, yaliyohusu magari 1,743. Mtu aliyelipia umbali fulani kwa chaji moja alilala akiwa nao na kuamka akiwa na pungufu, bila kuulizwa. Katika duka la kawaida, muuzaji akiingia nyumbani kwako usiku na kupunguza kitu ulichokwisha kukilipia, kila mtu anajua kitendo hicho kinaitwaje. Kwenye gari kitendo hicho hupewa jina la sasisho, na mmiliki huambiwa kwamba alikwisha kukikubali katika masharti.

Nije sasa kwenye vipengele vya kulipia, ambavyo ndivyo kiini cha biashara hii. Mwaka 2022 kampuni ya BMW ilizua malalamiko makubwa katika nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza na Korea Kusini, kwa kutoza ada ya kila mwezi ili viti vipashwe joto. Nyaya za kupasha joto zilikuwa tayari zimeshonwa ndani ya kiti, swichi yake ilikuwepo, na umeme ulikuwepo. Kilichokuwa kinauzwa ni ruhusa. Kampuni iliachana na ada hiyo mwaka 2023, huku mkuu wake wa mauzo, Pieter Nota, akieleza kwamba wateja waliona kana kwamba wanalipishwa mara mbili. Naye hakukubali kwamba hisia hiyo ilikuwa sahihi, lakini mimi naona wateja walikuwa sahihi kabisa. Mercedes-Benz kwa upande wake ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2022 kwamba wamiliki wa baadhi ya magari yake ya umeme nchini Marekani wangeweza kulipa dola 1,200 kwa mwaka ili gari liongeze kasi kwa wepesi zaidi, kwa mota zilezile ambazo tayari walikuwa wanazimiliki. Mwaka 2025 Volkswagen nayo ilionekana nchini Uingereza ikiuza nguvu za ziada za gari la ID.3 kwa pauni 16.50 kwa mwezi, au pauni 649 kwa anayetaka kulipa mara moja.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba unampa mnunuzi uhuru wa kulipia anachokihitaji pekee, na kwamba kutengeneza magari ya aina moja ni rahisi kuliko kutengeneza ya aina kumi. Hoja ya pili ni ya kweli kiwandani, lakini faida yake inabaki kwa kiwanda. Kifaa kilichofungwa kinaongeza uzito wa gari, na uzito huo husafirishwa kwa mafuta au umeme wa mmiliki. Kikiharibika baada ya dhamana kuisha, kikaleta shoti au kikawasha taa ya onyo kwenye dashibodi, mmiliki ndiye atakayegharamia matengenezo ya kitu ambacho haruhusiwi kukitumia. Mwenye kubeba hasara zote za kitu anastahili pia manufaa yake, na huo ndio mpaka ninaoutumia katika kuhukumu: ada ya ramani zinazosasishwa, ya mawasiliano ya simu ndani ya gari au ya huduma ya dharura yenye watu wanaopokea simu usiku na mchana ni halali, kwa sababu kuna gharama inayoendelea upande wa pili. Ada ya waya uliokwisha kuuzwa haina gharama yoyote upande wa pili, na siipendekezi kwa mtu yeyote, hata iwe ndogo namna gani.

Mfano ulionionyesha jambo hili waziwazi kuliko yote ulitokea mwaka 2017, wakati kimbunga Irma kilipokuwa kinaikaribia Florida. Baadhi ya magari ya Tesla yaliyouzwa kama yenye betri ya kilowati-saa 60 yalikuwa kwa kweli na betri ya 75, sehemu iliyobaki ikiwa imefungwa kwa programu. Ili wamiliki waweze kukimbia, kampuni iliwafungulia kwa muda uwezo wote wa betri. Ulikuwa msaada wa kweli kwa watu waliokuwa hatarini, nao walinufaika. Hata hivyo, tukio hilo lilidhihirisha kwamba kulikuwa na betri ndani ya magari yao, wakiiburuza kila siku, ambayo ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Matengenezo ndiyo eneo ambalo huduma hii imenikera kuliko jingine lolote. Chukua kazi ambayo fundi yeyote wa breki huifanya bila kufikiri: kubadilisha pedi za nyuma. Katika magari mengi yenye handbreki ya umeme, kila kalipa ya nyuma, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, imefungwa mota ndogo inayosukuma pistoni ili pedi zibane diski gari linapoegeshwa. Pedi mpya ni nene kuliko zilizokwisha, kwa hiyo haziingii mpaka pistoni irudi nyuma, na haitakiwi kurudishwa kwa nguvu kabla kompyuta ya breki haijaamriwa kuingia katika hali ya matengenezo; fundi akiilazimisha kwa klampu anaweza kuvunja giya za mota hiyo. Kuna magari ambayo amri hii hutolewa kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio ulioandikwa katika kitabu cha gari, na hapo hakuna la kulalamikia. Katika mengine amri lazima itoke kwenye kifaa cha uchunguzi kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani.

Katika gari ninalolizungumzia, kifaa cha fundi kilisoma hitilafu zote bila shida. Kilionyesha kasi ya kila gurudumu, joto la injini na hali ya betri. Kilipotuma amri ya kurudisha pistoni, gari likakataa. Fundi alikuwa na pedi sahihi mkononi, spana zake zote na uzoefu wa kazi. Alichokosa ni akaunti iliyosajiliwa kwenye seva ya mtengenezaji. Ilibidi gari lirudishiwe magurudumu yake na kupelekwa kwa wakala aliyeidhinishwa, ambako kazi yenyewe ilifanyika haraka kuliko muda wa kusubiri zamu. Ukiongeza hapo betri ndogo ambayo gari huitaka isajiliwe inapobadilishwa, na taa za mbele ambazo hazikubali kufanya kazi kikamilifu mpaka zitambulishwe kwa kompyuta ya gari, utaona jinsi fundi huru anavyosukumwa nje ya kazi yake kidogo kidogo, na mmiliki naye anavyopoteza nafasi ya kuchagua.

Kampuni hujibu kwamba kufuli hizi ni za usalama, na jibu hilo lina msingi, kwa hiyo linastahili kupimwa kwa haki. Mwaka 2015 watafiti Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha kwamba waliweza kuliingilia gari la Jeep Cherokee wakiwa mbali, wakalizima barabarani, na kampuni ya Fiat Chrysler, iliyokuwa ikitengeneza Jeep, ikalazimika kuyaita magari milioni 1.4 ili yarekebishwe. Baada ya hapo magari ya kampuni hiyo yaliwekewa lango la usalama linalotenganisha mtandao wa ndani wa gari na milango yake ya nje, soketi ya uchunguzi ikiwa mojawapo. Lakini wale watafiti hawakupita kwenye soketi ambayo fundi huifikia akiwa amepiga magoti ndani ya gari. Walipita kwenye redio iliyounganishwa na mtandao wa simu, yaani kwenye huduma ileile ambayo kampuni ndiyo inayoiuza. Kulinda gari dhidi ya mhalifu ni wajibu, na kumtoza fundi ada ili apite kwenye ulinzi huo ni biashara nyingine kabisa iliyopachikwa juu yake.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliufikia uamuzi wa namna hiyo tarehe 5 Oktoba 2023, katika kesi iliyofunguliwa na gereji za ATU na kampuni ya vioo vya magari ya Carglass dhidi ya FCA Italy, kampuni ya Italia ya kundi la Fiat Chrysler. Ili kupita langoni, mafundi walitakiwa kujisajili kwa mtengenezaji, kuingia kwa akaunti binafsi, kuunganishwa na intaneti na kulipia usajili. Mahakama ilisema kwamba mtengenezaji hawezi kuweka masharti yasiyomo katika kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 2018/858, ambayo inawahakikishia mafundi huru kuzifikia taarifa za matengenezo. Afrika Kusini nayo, kupitia miongozo ya Tume yake ya Ushindani iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, imewapa wamiliki nafasi ya kupeleka gari kwa fundi huru bila kupoteza dhamana kwa sababu hiyo pekee. Katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, takriban asilimia 75 ya wapiga kura waliunga mkono mwaka 2020 sheria inayotaka data za matengenezo zinazosafirishwa hewani ziwafikie wamiliki na mafundi wanaowachagua. Watengenezaji walikwenda mahakamani mara moja kuipinga, jambo linaloonyesha thamani wanayoiona katika kufuli hizi.

Kuna hoja nyingine ambayo kampuni huitumia, kwamba programu ya gari ni kazi yenye hakimiliki na mmiliki hana ruhusa ya kuichungulia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu hakimiliki za kidijitali ilikataza kuvunja kufuli za programu, na ilipofika mwaka 2015 wamiliki wa magari walikuwa wanaomba waondolewe katika katazo hilo ili waweze kutengeneza na kuchunguza vyombo vyao. Shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, liliandika barua ya kupinga ombi hilo, likihofia kwamba watu wangebadilisha programu na kuchafua hewa. Mwezi Septemba mwaka huohuo shirika hilohilo lilitangaza kwamba Volkswagen ilikuwa imeficha ndani ya magari yake ya dizeli programu inayotambua kwamba gari linapimwa, ikapunguza moshi wenye sumu wakati wa kipimo na kuuachia barabarani. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa nayo. Waliogundua dalili za mwanzo walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vifaa vya kupimia kwenye bomba la moshi na kuendesha barabarani, kwa kuwa moshi ndio waliokuwa na uwezo wa kuupima wenyewe. Ruhusa ya kuchunguza programu ilitolewa mwezi Oktoba. Kila ninaposikia kwamba kufuli zipo kwa ajili ya kulinda umma, hukumbuka mfuatano wa miezi hiyo.

Kuhusu data, nitakuwa mfupi kwa sababu hali ni mbaya bila utata. Taasisi ya Mozilla ilichunguza sera za faragha za chapa 25 za magari mwaka 2023, na hakuna hata moja iliyofaulu. Asilimia 84 zilikiri kwamba zinaweza kushiriki au kuuza data za wateja. Mwaka 2024 ilifichuliwa kwamba General Motors ilikuwa ikipeleka taarifa za uendeshaji, kama vile kufunga breki kwa ghafla na kwenda mbio, kwa kampuni zinazowahudumia watoa bima, na baadhi ya madereva waligundua jambo hilo baada ya gharama za bima zao kupanda. Mwezi Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza hatua ya kuizuia kampuni hiyo kwa miaka mitano kutoa taarifa hizo kwa mashirika ya aina hiyo. Katika gari nililolitumia, ukurasa wa kuzima ukusanyaji wa data upo, lakini umezikwa ndani ya menyu za mipangilio, na ukiuzima unapoteza pia programu ya simu. Uchaguzi wa namna hiyo haustahili kuitwa ridhaa.

Uhai wa huduma ndio unaonitia shaka kuliko ubora wake wa leo. Gari lililotunzwa vizuri huishi miaka mingi, wakati mitandao na kampuni hupita. Kampuni za simu za Marekani zilipozima mtandao wa 3G mwaka 2022, magari mengi ambayo bado yalikuwa mazima yalipoteza huduma zao za mtandao, zikiwemo za kuita msaada wakati wa ajali. Kampuni ya magari ya umeme ya Fisker ilipofilisika mwezi Juni 2024, wamiliki wa magari yake ya Ocean walibaki na vyombo vinavyotegemea seva ambazo hazikuwa na mwenyewe wa kuaminika, na ikabidi waunde chama chao ili kuyanusuru. Sheria ya Umoja wa Ulaya nambari 2019/771 inamtaka muuzaji wa bidhaa zenye sehemu za kidijitali ahakikishe kwamba masasisho yanatolewa kwa muda ambao mlaji anaweza kuutarajia kwa busara. Kwa simu muda huo unaweza kubishaniwa. Kwa gari, mimi nasema usipungue umri wa gari lenyewe.

Kwa kifurushi nilichokitumia, basi, ninaipendekeza programu ya simu kwa anayehofia wizi, na masasisho ya usalama ni ya kukubaliwa bila kusita. Vipengele vya vifaa vilivyomo tayari ndani ya gari sivipendekezi, na utaratibu wa kumzuia fundi unatosha kumfanya mtu achague gari jingine. Kabla ya kusaini, mtake muuzaji akuandikie mambo ambayo gari litaendelea kuyafanya endapo hutalipia chochote baada ya muda wa bure kwisha. Wauzaji wengi huyajua yale yanayofunguliwa, na hubabaika wanapoulizwa yanayofungwa. Muulize pia fundi wako, siyo wakala, kama kifaa chake kinakubaliwa na gari la aina hiyo.

Anayenunua gari lililokwisha kutumika ana kazi kubwa zaidi. Mwaka 2020 iliripotiwa nchini Marekani kwamba mtu aliyenunua Tesla kwa muuzaji wa magari aliondolewa kwa mbali vipengele vya kujiendesha vilivyokuwa vimeorodheshwa wakati wa mauzo, kwa maelezo kwamba hakuwa amevilipia yeye. Kwa hiyo piga picha skrini inayoonyesha vipengele vilivyomo siku ya kukagua gari, na uvitaje katika hati ya mauziano. Hatari ya upande mwingine ni akaunti ya mmiliki aliyetangulia. Charles Henderson, mtaalamu wa usalama wa IBM, alieleza mwaka 2017 kwamba muda mrefu baada ya kuliuza gari lake bado aliweza kuona lilipo na kulifungua milango kwa simu, ingawa alikuwa amefuta kila kitu kwenye gari kabla ya kulikabidhi. Kufuta kwenye skrini hakukugusa seva. Mwombe muuzaji aifungue programu kwenye simu yake mbele yako, aliondoe gari kwenye akaunti yake, kisha wewe ulisajili kwa jina lako na ujaribu kufunga na kufungua milango. Fedha zitoke baada ya hapo.